Koti la Judo la Mama Pini

Saa kumi na moja jioni, kila Jumanne na kila Alhamisi, cherehani ya pili ilinyamaza.

Duka lilikuwa na cherehani mbili zilizotazamana na mlango, na kwa miaka kumi na mmoja zilikuwa zikisemezana kutwa. Ya Fundi ilivuma kwa pumzi ndefu, maana yeye ndiye aliyeunga vipande vikubwa, suruali na makoti. Ya mkewe ilidonoa na kutulia, ikadonoa na kutulia, maana yeye alishika mapindo na matundu ya vifungo. Sasa moja ilikaa kimya saa mbili nzima, na kwenye kiti chake kikabaki kile kimto chembamba chenye kishimo katikati. Fundi alikikodolea macho mpaka mshono ukampotea mkononi.

"Mama Pini yuko wapi?" wateja waliuliza.

"Ametoka."

Alijua alikokwenda. Alikwenda kushikwa ukosi na waume za watu.

Mtaani aliitwa Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa bado wanajifunza. Mkewe alikuwa Mama Pini, na Pini ni jina la utani la binti yao wa pekee, aliyezaliwa mwembamba, kichwa mviringo, katika nyumba ya watu wa nguo. Jina lilimganda. Alipofika miaka tisa alikuwa mtoto anayezungumza na viatu vyake. Ukimuuliza swali, jibu lilishuka chini. Shuleni walimchukulia kiti, wakamchukulia penseli, wakamchukulia zamu yake kwenye foleni ya bomba, naye akarudi nyumbani na kiu bila kumsema mtu.

Mwalimu wa darasa ndiye aliyetoa wazo. Kuna mtu, alisema, anafundisha judo, mchezo wa Kijapani, ghorofa ya pili juu ya ghala la karatasi. Hawafundishi kupiga, wanafundisha kushika, kuangusha na kuanguka. Fundi alikwenda mwenyewe kuandikisha jina la mtoto. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote baadaye: mlango ule aliufungua kwa mkono wake.

Mama Pini alikuwa akimsindikiza mtoto na kukaa benchi pamoja na wazazi wengine, rundo la mapindo magotini. Wiki ya tatu Mwalimu wa judo alikuja kusimama mbele yake.

"Mama, mgongo unakuuma?"

"Umejuaje?"

"Umekaa kama ndoana."

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kuinamia sindano kulikuwa kumempinda, bega moja limepanda na jingine limelala, na kitandani aligeuka kwa awamu, kama watu wawili wanaohamisha kabati. Alikuwa amekunywa dawa, amepakwa dawa, amelalia ubao.

"Vua viatu," Mwalimu alisema. "Benchi halijawahi kumponya mtu."

Naye akavua.

Mwezi mzima walimfundisha kuanguka tu: kwa ubavu, kwa mgongo, kidevu kimeingia kifuani, mkono ukipiga mkeka ili uuchukue uzito badala ya mifupa. Siku za mwanzo Fundi alicheka mpaka machozi.

"Yaani mtu mzima na akili zake analipa ada ili aanguke?"

"Wewe si unaanguka bure," Mama Pini akamjibu, akakata uzi kwa meno.

Kicheko kilimwishia baadaye, mambo yalipoanza kuwa mazuri. Angepata sababu, angelalamika; lakini kila alipotafuta sababu alikutana na faida, na faida ile haikuwa imepita mikononi mwake. Mgongo wa mkewe ulinyooka. Usiku aligeuka mara moja, kimyakimya, akalala. Pini alianza kumjibu mtu akimtazama machoni. Siku moja alirudi shuleni akasema, huku akimega mkate, kwamba yule msichana wa foleni ya bomba amejaribu tena kumsukuma.

"Ukamfanya nini?" Fundi aliuliza, sindano mdomoni.

"Sikumfanya kitu. Nilisimama tu vizuri. Akasukuma, akachoka."

Mama Pini na Pini wakatazamana, wakacheka kicheko cha watu wenye siri. Fundi alitaka kucheka nao, hakujua pa kuingilia.

Kisha ikaja ile siku ya ngazi. Mama Pini alikuwa akishuka vidaraja vitatu vya duka, mikononi kabeba makoti sita ya mteja, akateleza kwenye maji ya sabuni aliyomwaga jirani yao kinyozi. Mwanamke wa mwaka uliopita angevunjika nyonga. Huyu alijikunja, akaenda na anguko lenyewe, mkono ukapiga sakafu *paa!*, na kabla Fundi hajainuka kitini yeye alikuwa amekaa chini akiyahesabu makoti.

"Hata moja halijachafuka," alisema.

Mtaa mzima ulipiga makofi. Fundi naye alipiga, lakini moyoni kitu kikawa kama kimemezwa bila kutafunwa. Mtu aliyemwokoa mkewe asiwe kiwete hakuwa yeye.

Na zile namba! Jioni wakiosha vyombo, mama na binti walihesabu sahani kwa Kijapani: *ichi, ni, san, shi*. Ndani ya nyumba aliyoipanga yeye na kuipaka rangi yeye, kumeingia lugha asiyoijua, na wenyeji wake ni mke na mtoto. Aliwahi kujaribu. "Ichi," alisema, akipokea sahani. Pini akamsahihisha, kwa upole sana. Upole ndio uliomchoma.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa mtu wa kuchochea moto kisha akauliza moshi unatoka wapi. Alizoea kuja kuegemea fremu ya mlango wakati kiti chake kikiwa kitupu.

"Fundi mkuu! Shemeji leo tena?"

"Leo tena."

"Mimi nisingeweza, haki ya nani. Mke wangu alaliwe juu na mwanamume eti ni mazoezi? Nilipita pale chini nikasikia vishindo tu. Nikasema, jamani, kuna mtu anahamia au kuna mtu anahamiwa?"

"Ni mchezo. Una kanuni."

"Hata kamari ina kanuni." Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine yake. "Mimi sisemi kitu. Ila lisemwalo lipo, na kama halipo, laja."

Asubuhi iliyofuata, Mama Pini alipoinua mkono kutunga uzi, mkono wa blauzi uliteleza, na Fundi akaona juu ya kiwiko alama nne za bluu, zimepangana.

"Nani huyo?"

"Nani nani?"

"Mwenye vidole."

Mama Pini akatazama mkono wake kama mtu aliyeonyeshwa doa dogo. "Ah. Ni yule muuguzi wa mazoezini. Ana mkono kama koleo yule dada, sijui wagonjwa wake wanaponaje."

Fundi alinyoosha vidole vyake akaviweka juu ya zile alama. Zilikuwa ndogo kuliko vyake, nyembamba, alama za mwanamke, kipofu angeona. Hakuamini. Wivu ni mpima mbaya: unashika tepu vizuri, unasoma namba vizuri, halafu unaandika unayoitaka.

Akaanza kumjenga Mwalimu kichwani. Kwa alivyojua, hakuwahi kumwona zaidi ya ile siku ya kuandikisha, tena haraka, akiwa ameketi, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kutosha. Alimpa urefu, akampa kifua. Akampa sauti ya chini na mikono isiyo na harufu ya mafuta ya cherehani. Kila Jumanne alimwongezea kitu.

"Si uje siku moja uone?" mkewe alimwambia zaidi ya mara tatu.

"Nani atakaa dukani?"

Basi mwezi wa saba Mama Pini akaja na ombi. Kutakuwa na mtihani wa kupanda mkanda, wa njano kwenda wa chungwa. Koti alilokuwa akilitumia ni la kuazima, limechakaa mpaka limekuwa kama matandiko. Alilitandaza juu ya meza ya kukatia.

"Nishonee la kwangu, Baba Pini. Wewe ndiye fundi wangu."

Alipenda alivyosema *wangu*. Alilipapasa lile koti kuukuu: pamba nene iliyofumwa kama punje za mchele, ukosi wa tabaka nne unaoshuka kutoka shingoni mpaka chini, hakuna kifungo hata kimoja, linapishana tu kifuani na kufungwa mkanda. Akaona kitu kimoja. Ukosi ule ulikuwa umelegea pande mbili, kwenye usawa wa kifua, kwa kushikwa. Pamba ilikuwa na umbo la ngumi za watu.

Alishona kwa siku nne. Haijapata kutoka nguo kama ile dukani kwake. Aliichovya pamba majini kabla ya kuikata ili isije ikasinyaa, akapiga mishono mitatu mahali penye mmoja, akaweka kiraka cha almasi kwenye bega. Na siku ya nne, Mama Pini alipokwenda kupeleka sare kwa mteja, Fundi alifungua kopo la mabaki ya magauni ya harusi.

Ndani mlikuwa na vyuma bapa, vyembamba kama ulimi wa kinyonga, ambavyo fundi huvipenyeza kwenye gauni lisilo na mikono ili lisimame kifuani lenyewe. Alichukua vinne. Akavilaza ndani ya ukosi, viwili kila upande, kati ya tabaka la pili na la tatu, akavifunga kwa uzi wa nta na kupitisha mshono juu yake. Kwa nje hukuona kitu. Koti lilisimama lenyewe, limejifunga mpaka shingoni, na mkono uliojaribu kuukamata ukosi uliteleza kama unashika ukingo wa sahani.

Hakuwa na nia ya kumwumiza mtu. Alitaka lisifunuke, alitaka yeyote atakayemshika mkewe asipate pa kushikia. Kosa lake lilikuwa la fundi cherehani, na ni fundi cherehani tu angelifanya: maisha yake yote alikuwa amevisha watu wanaosimama mbele ya kioo. Nguo ya kuvutwa kwa nguvu zote za mtu mzima, kisha ikasokotwa, hakuwahi kuiona ikifanya kazi. Alikuwa amealikwa akaone, akakataa.

"Mbona gumu hivi?" Mama Pini aliuliza alipolijaribu.

"Jipya. Litalainika."

Akajitazama, akanyooka, akatabasamu. "Baba Pini, hili utakuja kuliona likivaliwa. Sikubali kisingizio."

Jumamosi ile alifunga duka.

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya vioo vya ukungu na mikeka minene ya sponji iliyobanana sakafuni. Ulinukia jasho na sabuni. Mlangoni viatu vilipangwa jozi jozi, ncha zikitazama nje. Kila aliyepanda mkekani aliinama kwanza, hata watoto wa miaka mitano, na hakuna aliyemwinamia mtu; waliuinamia mkeka wenyewe. Fundi alikaa benchi, akatafuta yule mtu mrefu mwenye kifua.

"Yuko wapi Mwalimu wenu?" alimwuliza mzee mmoja kando yake.

"Si yule pale."

Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, masikio yamebondeka kama karatasi iliyofinyangwa, mwendo wa kuburuta goti moja. Fundi alimjua! Ni yule msoma mita za maji, anayepita nyuma ya duka kila mwisho wa mwezi na daftari lake, ambaye siku ya kuandikisha mtoto alionekana tofauti kwa ajili ya yale mavazi meupe. Na wanawake wote mkekani, mkewe akiwemo, walikuwa na fulana ndani ya makoti, zimepanda mpaka shingoni. Hapakuwa na kitu cha kufunuka.

Angeweza kupona pale pale. Lakini ugonjwa ule haufi kwa kunyimwa chakula, hutafuta kingine. Sasa hakuonea wivu kifua cha Mwalimu. Aliona jinsi mkewe alivyomsikiliza. Yule mtu alisema maneno mawili, naye akabadilisha mguu. Fundi alikuwa amesema maneno elfu katika miaka kumi na mmoja. Hakukumbuka ni mguu gani alioubadilisha.

Pini alifanya mtihani wake, akamwangusha msichana mkubwa kuliko yeye, kisha akampa mkono kumwinua. Fundi alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Zamu ya mama ikafika. Muuguzi, aliyekuwa awe mwenzake, alikuwa zamu hospitalini, basi Mwalimu mwenyewe akajifunga mkanda kuchukua nafasi. Mezani alikaa mtahini aliyetumwa na chama cha mchezo, bibi mmoja wa mvi na miwani ya kamba. Wawili wale wakainamiana, wakashikana: mkono mmoja kwenye mkono wa koti, mwingine ukosini. Fundi akaona kidole cha Mwalimu kikitafuta pa kukaa, kikiteleza, kikatafuta tena. *Tafuta,* alisema moyoni. *Tafuta sana.*

Mama Pini akamwangusha. Vizuri mno, hata benchi lilitikisika. Akamwangusha mara ya pili. Mara ya tatu Mwalimu, akiwa hewani, aliubana ukosi kwa nguvu zake zote kama inavyotakiwa. Kukasikika sauti ndogo ya kitambaa. Alipoinuka, kidole chake cha shahada kilikuwa kimepasuka kutoka kwenye kiungo mpaka kwenye kucha, na damu ikawa inadondoka kwenye mkeka.

"Simama!" Mtahini alikuwa ameshainuka. Alikuja akaupapasa ukosi, akavuta, na ncha ya chuma ikachungulia ikimetameta. Chuma mkekani ni mwiko. Hata pete huvuliwa, hata kucha hukaguliwa.

"Hili koti kashona nani?"

Mama Pini alikitazama kile chuma. Fundi alimwona akikitambua, alimwona akihesabu miaka yake yote ndani ya sekunde moja. Hakugeuza macho kwenye benchi.

"Mimi," alisema. "Nimelishona mwenyewe."

"Ulijua kilichomo?"

"Nilijua."

"Vua. Mtihani wako umekwisha. Jumanne saa kumi na moja kamati itakaa hapa, itaamua kama tunakurudisha mkekani au tunakufuta kabisa."

Mwalimu alikuwa ameinua kidole juu kama mwanafunzi anayeomba kujibu, damu ikimshuka kiganjani. Na Fundi, mtu wa maneno mengi, aliganda kwenye benchi kama aliyeshonewa pale.

Njiani walitembea watatu. Walipokaribia nyumbani Pini akasema, bila kutazama viatu, "Mama hajui kushona ukosi. Mama anashona mapindo."

"Nyamaza, mwanangu," Mama Pini akasema.

"Na uzi wa nta ni wa baba."

Ndani, Mama Pini aliketi mezani, akachukua wembe wa kufumulia, akaufungua ukosi mshono kwa mshono, kwa utaratibu, kama anavyofanya kazi ya mteja. Akavipanga vyuma vinne mbele ya mumewe.

"Vya gauni la nani hivi?"

"Vilibaki tu."

"Kwa hiyo umenivika gauni la harusi mara ya pili." Hakucheka. "La kwanza nililitaka, Baba Pini. Hili hukuniuliza."

"Sikutaka mtu aumie."

"Ulitaka nini?"

Fundi akatazama ukuta. "Unacheka nao kule. Hapa huchekagi hivyo. Mtoto hachekagi hivyo. Nimebaki mimi na mashine."

"Ungeniambia hivyo."

"Ningesemaje? Ningeonekana mjinga."

"Na sasa unaonekanaje?"

Mama Pini akakunja koti. "Nimesema uongo mbele ya mwanangu ili wewe usiaibike. Umenitoka bila kufikiri. Lakini sitausema mara mbili. Huo ni mzigo wako, na kama utauacha nife nao, uache. Nitajua tu ninaishi na nani."

Jumapili hakumsemesha. Jumatatu alikaa kwenye cherehani yake tangu asubuhi mpaka jioni.

Hapo ndipo Fundi alipoona mtihani wake yeye ulivyokuwa mwepesi. Hakutakiwa kufanya kitu. Angenyamaza tu mpaka kesho jioni, kamati ingemfuta mkewe, na kila kitu alichokiomba kwa mwaka mzima kingerudi chenyewe: mashine mbili, watu wawili, mlango mmoja. Kinyozi alikuwa ameshasikia.

"Mungu si mwanadamu, Fundi mkuu! Amekujibu bila wewe kunyanyua hata rula."

Fundi akasikiliza mashine ya mkewe. Ilidonoa na kutulia, ikadonoa na kutulia. Ni ileile. Ila alipomtazama, bega lake la kulia lilikuwa limeanza kupanda.

Mchana Mama Pini alitoka kupeleka mapazia, na nyuma ya duka mtu akaburuta goti. Mwalimu, ndani ya buti na sare ya idara ya maji, alikuwa ameinamia mita, daftari kwapani, kidole kimefungwa bendeji kubwa kama kibuyu. Aliandika kwa shida.

"Habari za hapa, Fundi."

"Nzuri." Fundi alisimama mlangoni. Alimchukia. Alichukia hata alivyojua kufungua kile kifuniko cha mita chenye kutu bila kukilazimisha. "Kidole kinaendeleaje?"

"Nyuzi saba. Wameshona vibaya, wewe ungenishona vizuri zaidi." Akafunika mita. "Mama Pini hajambo?"

Swali lile la kawaida ndilo lililomtumbua. "Vyuma nilitia mimi!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Yeye hakujua."

Mwalimu alimtazama. "Kwa nini?"

"Usipate pa kushikia."

Msoma mita akakitazama kidole chake, juu, chini. "Basi ulifaulu," alisema. Akacheka kidogo kwa pua, kisha akaacha. "Lakini usiniambie mimi, Fundi. Hapa mimi nasoma maji. Kamati inakaa kesho."

"Si umfikishie ujumbe yule bibi?"

"Hapana," Mwalimu akasema, akaandika namba yake ya mwisho. "Mguu wa kwenda ni wako."

Jumanne saa kumi na moja, duka lilifungwa. Mama Pini alikuwa ametangulia na mtoto. Hakumwuliza mumewe kama anakuja. Fundi alipanda ngazi za ghala polepole. Mlangoni alivua viatu, na hapo akagundua kwamba soksi yake ya kushoto, yeye, fundi wa mtaa mzima, ilikuwa imetoboka na kidole gumba kimetoka nje kinachungulia. Mtoto mmoja alicheka. Wanakamati watatu walikuwa wameketi mkekani, mtahini katikati, Mama Pini amepiga magoti mbele yao. Muuguzi na wengine walikaa pembeni.

"Baba, inama kwanza," Pini alinong'ona.

Akainama. Mgongo wake ulilia kama bawaba.

"Lile koti ni kazi yangu," alisema. "Vyuma nilivificha mimi, yeye akiwa hayupo. Alivyosema pale alinisitiri."

"Sababu?" mtahini aliuliza.

Fundi alimtazama mkewe. Alikuwa ameandaa maneno juu ya usalama, juu ya ugumu wa kitambaa. Yote yakamkimbia. "Wivu," alisema.

Muuguzi akakohoa. "Afadhali wewe, shemeji. Wangu alinifungia mlango nikatokea dirishani."

Walicheka, hata bibi wa mvi alivua miwani akaifuta. Mama Pini hakucheka. Alikuwa amemtazama mumewe muda wote, na Fundi hakuweza kuusoma uso ule. Alikuwa amezoea kuuona kwa upande, umeinamia mapindo.

Kamati ilinong'onezana. Mtahini akasema mwanamke huyu hafutwi, kwa kuwa hakuleta chuma. Lakini alidanganya mbele ya mtahini, na uongo mkekani ni chuma pia. Kwa hiyo atasubiri miezi sita kabla ya kufanya mtihani tena. Mama Pini akainama, akakubali. Kisha akainuka, akavaa lile koti kuukuu la kuazima na kukaza mkanda wake wa njano, akaenda kushikana na muuguzi. Hakuja benchi kusema asante.

Fundi alikaa akatazama mazoezi mpaka mwisho. Hakuna kilichomtoka moyoni. Mwalimu alipita akamwonyesha Mama Pini jinsi ya kugeuza nyonga, kwa maneno mawili, naye akageuza. Na Fundi akamwonea wivu yule mtu kama jana na juzi, tofauti ni kwamba sasa alimwonea akiwa amevua viatu. Walipotoka, Mama Pini alimpa begi lake alibebe. Hatua chache mbele akasema, "Ile soksi uishone leo. Umenitia aibu."

Akaishona. Akamshonea koti jingine, ukosi wa pamba tupu, na kabla ya kulikabidhi alilivaa, akajishika mwenyewe kifuani mbele ya kioo akavuta kwa mikono miwili, kuona kama linashikika. Alhamisi akienda kuwachukua hukaa mwisho wa benchi, na bado huhesabu ni nani ameshikana naye na kwa muda gani. Mkewe anajua. Siku nyingine humwuliza, "Leo umehesabu wangapi?" naye humtajia, kwa Kijapani, akikosea.

Imepita miaka minne. Mama Pini ana mkanda wa kahawia, hatua moja kabla ya mweusi, na kila Jumamosi asubuhi, juu ya ghala la karatasi, anafundisha watoto kumi na wanane jinsi ya kuanguka.